Kabla ya kengele ya New York: mwaka wangu wa kuangalia chati nikiwa Nkuhungu

Mdogo wangu wa kiume anaishi Houston, Texas, na anafanya kazi ya usiku ghalani. Kwa mshahara wake amenunua hisa chache huko huko. Aprili 2024 alinipigia simu akasema, "Dada, soko la huku huanza kusogea kabla halijafunguliwa rasmi, na saa hizo niko zamu au nimetoka nimechoka hoi. Kwako ni mchana. Ungeniangalizia?"

Nina steshenari hapa Nkuhungu, Dodoma. Nachapa, natoa kopi, najazia wanafunzi fomu za maombi ya vyuo. Kompyuta ninayo, intaneti ninayo. Nikakubali bila kuuliza swali la pili, na maswali ambayo sikuuliza siku ile yalinigharimu pesa, na kwa miezi kadhaa yaliondoa raha kati yangu na ndugu yangu. Naandika haya kwa ajili ya mwingine aliyeombwa kazi kama hii, au aliyeamua mwenyewe kufuatilia hisa kabla soko halijafunguliwa.

Niliteleza kwanza kwenye programu. Mdogo wangu alinitajia ile anayotumia yeye kuona chati, yaani michoro ya mwendo wa bei, ya kupakua na kusakinisha. Laptopu yangu ilikuwa na RAM ya GB 4. Feni ikaanza kuunguruma, skrini ikaganda, mteja amesimama anasubiri barua yake ya maombi ya kazi na mimi siwezi hata kufungua faili lake. Nikaenda mjini nikanunua RAM nyingine kwa shilingi 75,000. Programu ikafunguka, halafu ikanidai namba ya akaunti ya dalali wa Marekani, ambayo sina. Siku tisa zikawa zimepotea.

Kwa hasira nikalipia programu nyingine ya chati kwa kadi ya benki, nikiamini kwamba cha kulipia ndicho kizuri. Sikusoma kwamba malipo yanajirudia yenyewe kila mwezi. Nilikuja kugundua kwenye taarifa ya benki kwamba nimekatwa miezi mitatu, kila mara pamoja na gharama za benki za kubadilisha shilingi kuwa dola, na programu yenyewe nilishaacha kuifungua wiki ya pili. Ukilazimika kulipia kitu cha namna hii, siku hiyo hiyo ya kulipa andika kwenye kalenda ya simu tarehe ya kusitisha, siku tatu kabla ya mwezi kwisha.

Kilichonifaa mwishowe ni TradingView, inayofunguka kwenye kivinjari, kwa mpango wa bure. Haisakinishwi, haidai akaunti ya dalali, na hata laptopu ya zamani inaimudu. Anza na cha bure mwezi mzima, ndipo utajua kama kuna unachokikosa.

Saa ilinitesa kuliko chati yenyewe. Soko la hisa la New York hufunguliwa kwa kengele saa tatu na nusu asubuhi kwa saa za kule. Houston iko nyuma ya New York kwa saa moja, kwa hiyo kwa mdogo wangu ni saa mbili na nusu asubuhi. Ila yeye amekaa Marekani miaka mingi, ameanza kuhesabu kama wao, na kwenye simu akaniambia, "Linafunguliwa saa nane na nusu." Nami nikasikia saa nane na nusu ya kwetu, mchana. Siku tatu mfululizo nilifunga kazi za wateja mapema, nikakaa mbele ya chati saa nane na nusu nikingoja kengele isiyolia. Kumbe kwetu ilikuwa saa kumi na nusu jioni. Nilipoelewa nikatega kengele ya simu 10:30, ikalia saa nne na nusu asubuhi, maana simu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Ni makosa madogo, lakini kila mara nilikuwa nampa mtu taarifa za saa isiyo yake.

Tangu hapo tukakubaliana kwamba saa zote tunaziandika kwa tarakimu za saa 24, na zote za Afrika Mashariki. Biashara ya kabla ya kufunguliwa huanza saa kumi alfajiri New York, yaani 11:00 kwetu. Sisi tunaiita soko la alfajiri. Kengele ni 16:30. Taarifa kubwa za uchumi wa Marekani, kama ya mfumuko wa bei na ya ajira, nyingi hutoka 15:30, saa moja kamili kabla ya kengele. Kwenye chati yenyewe nikaingia kwenye mpangilio wa majira nikachagua Nairobi, kwa kuwa saa yao na yetu ni moja.

Nikadhani nimemaliza. Jumatatu ya tarehe 4 Novemba 2024 saa 16:30 ikafika, bei hazikuchangamka kama siku zote, nikampigia simu nikimwambia intaneti yangu mbovu. Haikuwa intaneti. Wamarekani walikuwa wamerudisha saa zao nyuma Jumapili iliyotangulia, na sisi hatubadilishi. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi, kila kitu kwetu husogea mbele saa moja: soko la alfajiri 12:00, taarifa za uchumi 16:30, kengele 17:30. Karatasi yenye tarehe hizo nimeibandika ukutani juu ya mashine ya kopi.

Sasa chati. Wiki ya kwanza yote nilimwandikia "kimya, hakuna kitu." Chati yangu ilikuwa imesimama pale soko lilipofungia jana yake, haisogei. Nilichokuwa sijui ni kwamba chati hizi huonyesha saa rasmi za soko peke yake mpaka wewe mwenyewe uiambie ionyeshe na saa za ziada. Kuna sehemu kwenye mipangilio ya chati ya kuchagua kipindi: cha kawaida au kilichorefushwa. Chagua kilichorefushwa. Na hata ukichagua, hutaona kitu ukiwa kwenye chati ya siku, ile ambayo kila mshumaa ni siku nzima. Shuka kwenye dakika 5 au dakika 15. Hapo ndipo nilipoona sehemu yenye kivuli upande wa kulia, na ndani yake mishumaa midogo midogo ikipanda na kushuka wakati New York bado kuna giza.

Kwa wasioijua, mshumaa mmoja unakuonyesha bei nne za kipindi chake: ya kuanzia, ya kumalizia, ya juu kabisa na ya chini kabisa. Uchoraji huu unasemekana umetokana na wafanyabiashara wa mpunga wa Japani. Osaka walikuwa na soko la mchele la Dojima lililopewa idhini ya kuuza mikataba ya mbele, yaani kupatana bei leo kwa mchele wa baadaye, tangu 1730. Nilipomsimulia baba alifurahi sana. Baba amefanya biashara ya mahindi Kibaigwa, kwenye soko la nafaka la mkoani kwetu, karibu maisha yake yote, na kusikia kwamba haya mambo ya kompyuta yalianzia kwa wauza nafaka kulimfanya aketi karibu yangu na kuitazama skrini kwa mara ya kwanza.

Juni ikaja na hofu ya aina yake. Mdogo wangu alikuwa na hisa 4 za Nvidia, kampuni ya Marekani ya chipu za kompyuta zinazotumika kwenye akili bandia. Ijumaa ya tarehe 7 zilifunga zikiwa dola 1,208 na ushee kila moja, nami nimeandika kwenye daftari. Nilikuwa nimetega pia tahadhari ya bei: ikishuka chini ya 1,100 simu ilie. Jumatatu tahadhari ikalia, natazama, dola 120. Mikono ilinitetemeka. Nilimpigia alipokuwa usingizini, nikamwamsha kwa kilio. Akanituliza: kampuni imegawa hisa, kila moja imekuwa 10. Zile 4 sasa ni 40, thamani ni ile ile. Chati ilikuwa imejirekebisha yenyewe mpaka historia yake ya nyuma, ndiyo maana haikuonyesha poromoko lolote. Kilichobaki na bei za zamani ni tahadhari yangu na daftari langu. Kwa hiyo bei inapokushtua kupita kiasi, linganisha kwanza na mshumaa wa jana kwenye chati hiyo hiyo, kisha soma habari za kampuni, halafu ndiyo ushike simu.

Ningeshika somo hilo, Agosti isingekuwa ilivyokuwa.

Jumatatu tarehe 5 Agosti 2024 Dodoma ilikuwa imefurika. Maonyesho ya Nanenane yanaendelea Nzuguni, na mimi nina kazi za vipeperushi na mabango madogo mpaka mlangoni. Nikafungua chati saa tano asubuhi, katikati ya wateja. Japani ilikuwa imeshafunga: faharasa ya Nikkei, namba moja inayoonyesha mwendo wa hisa kubwa za huko, imeanguka kwa asilimia 12.4, anguko kubwa la siku moja tangu Oktoba 1987. Nvidia ilikuwa imefunga Ijumaa kwa dola 107 na ushee, na sasa inaelekea 90. Kila kitu kwenye orodha yangu kilikuwa chekundu, yaani kinashuka.

Kabla ya kengele nikafungua VIX, kile kipimo ambacho watu hukiita kipimo cha hofu ya soko. Ijumaa kilifunga kikiwa 23 na ushee. Sasa kinasoma zaidi ya 65. Sikujiuliza namba hiyo inatoka wapi. Nikampigia mdogo wangu, ndiyo kwanza ametoka zamu. Nilimwambia, "Mdogo wangu, toa. Toa zote sasa hivi." Hakubisha. Mimi ni dada yake mkubwa, tangu utotoni nikisema kitu anafanya. Akauza hisa zote 40 kwa dola 92 na ushee, kabla ya kengele.

Siku hiyo Nvidia ilifunga kwa dola 100 na senti 45. Tofauti kwa hisa 40 ni zaidi ya dola 300, kwa kiwango cha wakati ule karibu laki tisa za kwetu. Kabla mwezi haujaisha hisa hiyo ilikuwa imerudi juu ya dola 119. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko angenigombeza. Kwa wiki mbili simu zetu zilikuwa za salamu tu.

Nilikaa nikatafuta nilikosea wapi, kwa sababu ningesema "soko ni bahati" ningekuwa namdanganya yeye na mimi mwenyewe. Nikapata mambo mawili. VIX kwenye mpango wa bure huonyeshwa ikiwa imechelewa dakika 15, na kuna alama ndogo karibu na jina inayosema hivyo. Niliiona kila siku na sikuwahi kuibonyeza. Namba niliyomsomea ilikuwa ya robo saa iliyopita. La pili ndilo zito. VIX hukokotolewa kutokana na bei zinazotajwa na wanunuzi na wauzaji wa mikataba ya hiari, ile inayompa mtu haki ya kununua au kuuza baadaye kwa bei iliyopangwa, ya faharasa ya kampuni kubwa za Marekani iitwayo S&P 500. Kwenye soko la alfajiri siku ile waliotaja bei walikuwa wachache na walikuwa mbalimbali mno, huyu kataja chini sana, yule juu sana. Namba ikaruka bila watu kuwa wamefanya biashara kwa bei hizo. Jioni VIX ilifunga ikiwa 38 na ushee.

Nilipomweleza baba, aliniuliza swali moja tu: "Magari mangapi yalikuwa yameingia?"

Mwenye kuijua Kibaigwa atamwelewa. Msimu wa mavuno, alfajiri kabla mizani hazijaanza kazi, utawakuta madalali wawili watatu kwenye chai wanataja bei ya gunia. Mwenye shida ya ada ya mtoto anaisikia, anauza hapo hapo. Baba hakuwahi. Alikuwa anatembea kwanza mpaka barabara ya Morogoro anahesabu malori yaliyoingia kununua. Malori mengi, bei ile ina watu nyuma yake. Likiwa Fuso moja, bei ile ni ya madalali wawili na chai yao. Nilikua nikimwona akifanya hivyo, na siku nilipokaa mbele ya skrini sikukumbuka.

Kwenye chati, magari ni zile nguzo zilizo chini, zinazoonyesha kiasi cha hisa zilizouzwa kwenye kila mshumaa. Nilikuwa nimezificha ili chati ionekane pana. Nikazirudisha siku hiyo hiyo. Mshumaa mrefu mwekundu wenye nguzo fupi chini yake siusomi tena kama bei, nausoma kama neno la mtu mmoja. Jueni pia kwamba kwenye mpango wa bure, bei za hisa za Marekani ni za papo hapo lakini zinatoka kwenye masoko ya Cboe, kundi moja tu kati ya masoko ya kule, kwa hiyo kiasi unachokiona ni sehemu tu ya biashara yote. Linganisha leo na jana kwenye chati hiyo hiyo, usichukue namba hiyo kama jumla ya soko.

Baada ya hapo nilibomoa mpangilio wangu nikaupanga upya. Orodha iliyokuwa na hisa nyingi nikaiacha na sita: anazomiliki yeye, mbili anazozifikiria, na SPY, mfuko unaofuata S&P 500, ili nijue kama kinachotokea ni cha kampuni moja au cha soko zima. Kwenye kila chati nachora mistari mitatu tu: bei ya juu ya jana, ya chini ya jana, na ya kufungia. Umbali kati ya bei ya kufungia na ilipo sasa ndilo pengo. Viashiria vya rangi rangi nilivyojaza mwanzoni kwa kuiga watu wa YouTube nimeviondoa vyote, vilikuwa vinanifunika nisione bei.

Nilibadilisha na wakati. Saa kumi na nusu jioni ndipo wanafunzi wanapomiminika dukani, na siwezi kuwa na macho ya kengele na ya mashine ya kopi kwa wakati mmoja. Sasa kazi yangu inakwisha robo saa kabla ya kengele. Namtumia ujumbe mmoja wenye bei, pengo, kiasi, na habari kama ipo. Neno "uza" na neno "nunua" sitamki tena. Akaunti ni yake, jasho ni lake.

Kuhusu umeme na intaneti, mwenye kuishi huku anajua. Nilinunua betri mpya ya laptopu kwa shilingi 65,000, na nina laini za mitandao miwili tofauti. Chati hazili bando sana, video za mafunzo ndizo zilizonimalizia, kwa hiyo mafunzo nasoma kwa maandishi. Skrini ya pili ya mtumba niliyonunua 120,000 naona haikuwa ya lazima. Hisa sita zinatosha kwenye moja.

Watu wakijua unaangalia chati watakufuata. Nimeletewa makundi ya Telegram yanayouza "ishara" za kununua na kuuza, na vijana wanaotaka niwafungulie akaunti za nje. Nawaambia wote kitu kimoja: kupeleka fedha nje kununua hisa kuna masharti ya Benki Kuu, anzeni kwa kuuliza benki zenu, na anayekuuzia ushauri wa uwekezaji, mwombe leseni yake ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mimi sina akaunti ya Marekani. Nina hisa kidogo za benki ya CRDB nilizonunua hapa nyumbani, na nina akaunti ya majaribio ambayo pesa zake si pesa. Humo nimekosea mara nyingi bila kumuumiza mtu, na natamani ningeanzia humo Aprili ile.

Jumatatu tarehe 27 Januari 2025, saa sita mchana, nikafungua chati. Mdogo wangu alikuwa amerudi na hisa 30 za Nvidia. Habari zilikuwa za DeepSeek, kampuni ya akili bandia ya China, na Nvidia ilikuwa inashuka, baadaye kidogo ikapita asilimia 10 chini ya bei ya Ijumaa. Moyo ulinienda mbio kama Agosti. Nikashusha macho kwenye nguzo. Zilikuwa ndefu, na kila baada ya dakika 5 inasimama nyingine ndefu. SPY nayo ilikuwa chini lakini si kwa kiasi hicho. Nikamwandikia hivyo hivyo: pengo kubwa, kiasi kikubwa mno, kampuni imeguswa kuliko soko, habari ni hii. Sikuongeza neno.

Safari hii soko la alfajiri lilikuwa limesema kweli. Baada ya kengele bei iliendelea kushuka, na siku ikafunga Nvidia ikiwa imepoteza karibu asilimia 17, kama dola bilioni 589 za thamani yake, kiasi ambacho hadi siku hiyo hakuna kampuni iliyokuwa imewahi kukipoteza kwa siku moja. Mdogo wangu aliuza 10 akabaki na 20. Kesho yake ilipanda karibu asilimia 9. Kama alifanya vema au vibaya ni juu yake, na tulizungumza usiku ule zaidi ya saa nzima, mambo ya hisa kidogo, ya nyumbani mengi.

Siku hizi, kabla sijamaliza kuandika ujumbe wa mchana, huwa ameshaniwahi kutoka Houston, yeye mtoto wa Kibaigwa: "Dada, magari mangapi leo?"